Kilima cha Wafalme na Madawati ya Wasichana: Historia ya King's College Budo

King's College Budo, shule ya sekondari ya bweni inayopokea wavulana na wasichana, ilifunguliwa tarehe 29 Machi 1906 na Church Missionary Society, jumuiya ya wamisionari wa Kanisa la Uingereza iliyojulikana kwa kifupi kama CMS, juu ya kilima kilichoko kusini-magharibi ya Kampala, kando ya barabara iendayo Masaka. Tangu mwanzo shule hiyo ilibeba makusudio mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi: ilianzishwa ili kulea watawala, na hasa wana wa watawala, lakini ilisimama juu ya imani ya Kiprotestanti inayofundisha kwamba kila mtu, awe wa ukoo gani, hana budi kusoma Maandiko kwa macho yake mwenyewe na kujibu mbele ya Mungu kwa nafsi yake. Kwa zaidi ya karne moja makusudio hayo yamevutana ndani ya kuta zilezile, na hakuna uamuzi uliouelekeza mvutano huo upande wa usawa kuliko ule wa kuwaingiza wasichana katika shule iliyojengwa kwa ajili ya wana wa machifu.

Kilima chenyewe kilikuwa na historia yake muda mrefu kabla ya kengele ya kwanza ya shule. Katika mapokeo ya Buganda, hapo Naggalabi, katika kilima cha Budo, ndipo Kintu, anayehesabiwa kuwa Kabaka wa kwanza, alipomshinda Bemba, mtawala anayesimuliwa kwa sura ya nyoka. Na kwa sababu hiyo Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, hahesabiwi kuwa ametawazwa sawasawa mpaka apande kilima hicho na kutimiza desturi zake. Mojawapo ya desturi hizo ni pambano la mfano, ambapo mwana wa mfalme na watu wake hupigana kwa matete dhidi ya upande wa Ssemanobe, mlinzi wa kilima, ambaye mwisho hushindwa na kumwachia njia. Desturi hizi hazikukoma kwa kuja kwa Ukristo wala kwa kujengwa kwa shule: Daudi Chwa alitawazwa huko mwaka 1914, Edward Muteesa II mwaka 1942, na Ronald Muwenda Mutebi II tarehe 31 Julai 1993, wote watatu madarasa yakiwa tayari yamesimama jirani. Wamisionari waliokubali kujenga mahali hapo walielewa uzito wake, na jina walilochagua, linalomaanisha chuo cha mfalme, linaonyesha kwamba walitaka shule ya Kikristo iote mizizi katika udongo uleule ambamo ufalme ulikuwa ukijipatia uhalali wake.

Kisa cha kupatikana kwa ardhi hiyo hakieleweki bila kurudi nyuma kidogo. Wamisionari wa CMS waliingia katika makao ya Kabaka Muteesa I mwaka 1877, wakafuatwa miaka miwili baadaye na mapadri Wakatoliki kutoka Ufaransa. Waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wametangulia, Uislamu umeshapata wafuasi, na Kiswahili kinasikika barazani kwa mfalme, kiasi kwamba Alexander Mackay, fundi na mmisionari kutoka Uskoti aliyefika mwaka 1878, alianza kufundisha kwa kutumia maandiko ya Kiswahili yaliyotoka Unguja. Waumini wapya walijulikana kwa jina la wasomaji, kwa kuwa katika Buganda ya siku zile kuwa Mkristo na kujua kusoma vilikuwa karibu jambo moja. Baadaye ilifuata miaka ya mateso, kisha vita vya dini vya 1888 hadi 1892, na vumbi lilipotulia machifu wa Kiprotestanti, wakisaidiwa na mkono wa Uingereza, walijikuta wameshika sehemu kubwa ya madaraka.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliyathibitisha mamlaka hayo kwa njia ya ardhi. Kabaka, machifu na watu wengine mashuhuri waligawiwa ardhi ya mailo, yaani mashamba ya kumilikiwa moja kwa moja na kurithishwa, yaliyoitwa hivyo kwa kuwa yalipimwa kwa maili za mraba. Kwa mpigo mmoja likazaliwa tabaka la wamiliki ardhi ambao watoto wao wangekua wakiwa na mali na watumishi kabla hawajajua kazi. Jambo hilo liliwatia wasiwasi wamisionari, waliokuwa chini ya Askofu Alfred Tucker, kwani kizazi cha wazazi kilikuwa kimeipata imani yake katika moto wa mateso, ilhali kizazi cha watoto kingeipokea pamoja na urithi wa mashamba. Ushindani wa madhehebu nao ulichochea haraka: Wakatoliki walikuwa wamefungua shule ya Namilyango mwaka 1902, na Kisubi ikafuata mwaka 1906, mwaka uleule wa Budo. Upande wa CMS, shule ya wasichana ya Gayaza ilikuwa imetangulia mwaka 1905.

Ardhi ya Budo ilitolewa kwa jina la Kabaka Daudi Chwa, ambaye alizaliwa mwaka 1896 na kurithi kiti mwaka uliofuata, hivyo shule ilipofunguliwa alikuwa bado hajafikisha miaka kumi. Uzito wa uamuzi ulikuwa mikononi mwa watawala walezi walioshika nchi kwa niaba yake, na wa mbele yao alikuwa Apolo Kaggwa, Katikkiro wa Buganda, cheo kilicho sawa na cha waziri mkuu, Mprotestanti shupavu na mwandishi wa historia ya wafalme wa nchi yake. Mwanzilishi na mkuu wa kwanza wa shule alikuwa Kasisi Henry Walter Weatherhead, aliyefuatwa baadaye na nduguye, H. T. C. Weatherhead, katika kazi hiyohiyo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana 21.

Mfumo ambao Weatherhead aliupanda Budo ulitoka katika shule za bweni za matajiri wa Uingereza, lakini hakuuchukua mzimamzima. Wanafunzi waligawanywa katika mabweni ambayo kila moja lilikuwa na maisha yake, heshima yake na viranja wake, yaani wanafunzi wakubwa waliokabidhiwa madaraka juu ya wenzao. Na mabweni hayo yakapewa majina ya nchi za mbali, kama Canada, Australia na England, ambayo yanatumika hadi leo. Siku ilianza na kufungwa kwa sala. Mpira wa miguu ulichezwa kwa bidii ileile iliyotakiwa darasani, kwa imani kwamba kijana atakayetawala watu ni lazima kwanza ajue kushindwa bila kununa na kutii filimbi ya mtu asiye mkubwa wake kwa ukoo. Wavulana hao walivaa kanzu, vazi lililofika Buganda kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara na ambalo kwa wakati huo lilikuwa limekwisha kuwa vazi la heshima la nchi nzima, hata mgeni aliyewaona wamejipanga kwenda kanisani angeweza kudhani yuko karibu zaidi na bahari.

Katika mpango huo kazi za mikono zilikuwa na nafasi yenye maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa chifu aliyezoea kubebewa kila kitu alitakiwa kutandika kitanda chake na kufagia mahali pake, na kwa wazazi wengi jambo hilo lilikuwa gumu kumeza kuliko hesabu au Kiingereza. Ni haki kusema kwamba shule ya namna hii ililenga kuhifadhi utawala wa wachache na kuwatia wachache hao adabu, wala haikuwa na nia ya kuwapindua. Hata hivyo, mbegu ya kitu kingine ilikuwa ndani yake, kwa sababu vijana kutoka Bunyoro, Toro, Ankole na Busoga walilala chumba kimoja na wale wa Buganda, na anayelala jirani na mtu kwa miaka huona vigumu kuamini kwamba mtu huyo ni wa daraja la chini.

Kiswahili hakikupata mlango katika mpango huo. Lugha za Budo zilikuwa Kiganda na Kiingereza, na sababu zake zilikuwa za kidini na za kisiasa kwa pamoja. Askofu Tucker aliona Kiswahili kuwa kimeshikamana mno na Uislamu, na Biblia nzima ilikuwa tayari inasomwa kwa Kiganda tangu 1896, kazi iliyoongozwa na George Pilkington. Gavana William Gowers alipojaribu mwishoni mwa miaka ya 1920 kukipandisha Kiswahili katika utawala na elimu ya Uganda, Kabaka Daudi Chwa mwenyewe alitoa tamko la kupinga mwaka 1929, na wasomi wengi wa Buganda walisimama upande wake, wakihofia kwamba lugha hiyo ingefungua njia ya nchi yao kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Hofu yao ilikuwa na msingi, ingawa matokeo yake yalikuwa kwamba kizazi kizima cha viongozi kilikua kikiwa mbali na lugha ya majirani zake, na pengo hilo lilikuja kuigharimu Uganda baadaye, pale Kiswahili kilipobaki kuwa lugha ya kambi za jeshi peke yake.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930, wakati mkuu wa shule alipokuwa Kasisi Harold Grace. Huyu aliishika Budo tangu katikati ya miaka ya 1920, kipindi ambacho serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewaachia wamisionari karibu elimu yote, ilianza kuunda idara yake yenyewe, na Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, ilikuwa ikipanda ngazi kuelekea kuwa chuo cha Afrika Mashariki nzima. Makerere ilihitaji wanafunzi walioandaliwa, na Budo ikawa miongoni mwa shule chache zilizoweza kuwaandaa. Lakini maandalizi hayo yote yalikuwa ya wavulana. Gayaza na shule nyingine za wasichana zilikuwa zimeanzishwa kwa nia ya kulea wake wa Kikristo wa machifu na walimu wa Kikristo, na masomo yake katika miaka hiyo hayakumfikisha msichana kwenye mlango wa elimu ya juu. Grace aliamua kuufungua mlango huo Budo kwenyewe, kwa kuwaweka wasichana darasa moja na wavulana.

Uzito wa hatua hiyo unapimwa vizuri zaidi kwa kutazama yaliyokuwa yakipingana nayo. Katika Buganda ya wakati ule msichana alimsalimu mwanamume kwa kupiga magoti, na wazazi wa Kikristo waliojivunia adabu ya binti zao hawakuona ni kwa nini wawaruhusu kukaa bweni katika kilima kimoja na vijana wa kiume. Uingereza kwenyewe, ambako mfumo wa Budo ulitoka, shule za bweni za hadhi hiyo zilikuwa za wavulana watupu. Kwa hiyo Grace hakuwa na kielelezo cha kuiga katika shule alizozijua nyumbani, na hoja iliyombeba ilikuwa ya imani: ikiwa nyumba ya Kikristo inajengwa na watu wawili wanaoheshimiana, basi heshima hiyo ianze kujifunzwa mapema, mbele ya ubao mmoja. Mwaka 1935 aliondoka kwenda kuongoza Achimota, shule mashuhuri ya Ghana ya leo, ambayo nayo ilisomesha wavulana na wasichana pamoja.

Matunda ya uamuzi huo yanaonekana wazi katika maisha ya Sarah Nyendwoha, aliyezaliwa Hoima, Bunyoro, mwaka 1926, akaja Budo kusoma, na mwaka 1945 akawa mmoja wa wanawake sita wa kwanza kupokewa Makerere. Alitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa somo hilo akakataa kufundisha darasa lenye mwanamke, naye akalazimika kubadili masomo. Aliyemzuia hakuweza kumzuia kwa muda mrefu, kwani alikwenda Chuo cha St Anne's, Oxford, na kuhitimu mwaka 1954, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi Uganda na kuwa mwalimu, alikuta mshahara wa mwanamke uko chini ya ule wa mwanamume mwenye elimu ileile, akaukataa na kusema ni afadhali afundishe bure kuliko kupokea malipo yanayomdhalilisha, mpaka serikali ikalazimika kulirekebisha jambo lake. Aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji kutoka Machame, Kilimanjaro, aliyekuja kuwa Balozi wa Tanganyika jijini London, na ni kwa jina la Sarah Ntiro anakumbukwa na walimu wengi wa ukanda huu. Ushujaa ulikuwa wake mwenyewe, lakini darasa ambamo alizoea mapema kujibu swali mbele ya wavulana bila kuomba radhi lilikuwa la Budo.

Miaka ya vita kuu ya pili iliijaribu shule kwa namna nyingine. Dennis Herbert, aliyetoka Achimota na kuchukua uongozi mwaka 1939, ambaye baadaye alirithi cheo cha Lord Hemingford, alikuta Buganda inachemka. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na kutoka mikutano ya Simeoni Nsibambi na wenzake wa Kampala, ulikuwa unawataka Wakristo wa majina, wakiwemo makasisi na machifu, waungame dhambi hadharani, na mwaka 1941 wanafunzi 26 wa uchungaji walifukuzwa katika chuo cha Mukono kwa sababu ya msimamo huo. Mwaka huohuo mama wa Kabaka aliolewa tena kinyume cha desturi, na mzozo uliozuka ukamwondoa Katikkiro Martin Luther Nsibirwa madarakani. Mwaka 1942 ghasia zikaingia Budo yenyewe: wanafunzi waligoma, mgomo ukageuka kuwa fujo, na shule iliyodhaniwa kuwa kielelezo cha utii ikawa kisa cha uchunguzi na cha majadiliano makali nchini. Wakuu wa kikoloni walielekea kuliona jambo hilo kama utovu wa adabu. Anayelitazama kutoka mbali analiona kwa sura nyingine, kwamba vijana waliofundishwa miaka mingi kwamba wao ni viongozi walikuwa wameamini, na sasa walitaka kuulizwa maoni yao.

Wale waliotoka katika madarasa ya miaka hiyo waliijaza historia ya siasa ya ukanda mzima. Muteesa II, aliyesoma Budo kabla ya kwenda Makerere na Cambridge, alifukuzwa nchini na Gavana Andrew Cohen mwaka 1953, akarudi kwa shangwe mwaka 1955, na kuwa Rais wa kwanza wa Uganda mwaka 1963. Yusuf Lule, aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu na baadaye akawa Mkristo, alisoma Budo na kuishika nchi kwa siku 68 mwaka 1979 baada ya kuanguka kwa Idi Amin. Aliyempokea madaraka, Godfrey Binaisa, naye alitoka Budo. George Rukidi III wa Toro alipita hapo, na kutoka Kenya alikuja Charles Njonjo, aliyemaliza Alliance kisha akasoma Budo kabla ya Fort Hare, Afrika Kusini, na hatimaye kuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali yake. Shule hupenda kuhesabu majina ya namna hii, na ina haki ya kufanya hivyo, ingawa inapaswa kukumbukwa kwamba wakuu waliolelewa pamoja hawakuweza kuizuia Uganda isitumbukie katika damu: Muteesa alikufa uhamishoni London mwaka 1969, na Lule na Binaisa wote wawili waling'olewa madarakani.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1963 iliziweka shule za madhehebu chini ya usimamizi wa serikali, kanisa likibaki kuwa taasisi mwanzilishi, yaani mwenye sauti juu ya malezi ya kiroho na uwakilishi katika bodi, bila mamlaka kamili juu ya walimu na uandikishaji. Mkuu wa shule wa wakati huo, Ian Robinson, aliivusha Budo katika mpito huo, na baada yake uongozi ukapita kwa wazalendo. Utawala wa Amin ulikuja mapema mno baada ya hapo. Walimu wa kigeni waliondoka, vifaa vikaadimika, na kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum mwezi Februari 1977 kulidhihirisha kwamba kanisa lililoilea shule hiyo halikuwa salama katika nchi yake. Kwamba Budo haikufunga milango katika miaka hiyo ni sifa ya walimu wake Waafrika kuliko ya mtu mwingine yeyote, na historia zilizoandikwa zimewapa nafasi ndogo kuliko wanayostahili.

Leo shule inafundisha miaka minne ya sekondari ya chini na miwili ya juu kwa mujibu wa mitaala ya taifa, ikiwa bado na ibada za Kianglikana na kaulimbiu yake ya Kiganda, Gakyali Mabaga, inayosema kwamba yaliyofanyika ni machache na yaliyobaki ni mengi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekiweka Kiswahili kuwa somo la lazima katika madarasa ya mwanzo, kwa hiyo lugha iliyonyimwa nafasi na Askofu Tucker sasa inafundishwa juu ya kilima cha Budo. Ada na ushindani wa mitihani vimeleta ubaguzi mpya, wa uwezo wa mzazi badala ya ukoo wake, na hilo ndilo deni ambalo shule yenye imani kama ya Budo haiwezi kulikwepa kwa kutaja marais iliyowatoa.

Kwa upande wa wanahistoria deni ni jingine. Wakuu wa Kizungu wa Budo wanajulikana kwa majina, kwa miaka na kwa picha, na wafalme wana nyimbo zao. Lakini wasichana wa kwanza walioingia katika madarasa ya Grace, wakavumilia macho ya wavulana na manung'uniko ya jamaa zao, wengi wao hawajaandikiwa hata ukurasa mmoja. Barua zao, ripoti zao za shule na masimulizi yao yamo katika nyumba za watoto na wajukuu wao, Uganda na kwingineko Afrika Mashariki. Familia hizo ziyatoe, na vyuo vikuu vyetu viyakusanye sasa, wakati wale waliowasikia kwa masikio yao bado wapo.